CA-125, ultrasaundi, au vyote viwili: kuchagua kipimo cha saratani ya ovari ukiwa Tanga

Mama anayefika hospitali mjini Tanga na kuomba apimwe "saratani ya kizazi" anaweza kuondoka akiwa amefanyiwa kimoja kati ya vitu vinne visivyofanana: kuangaliwa mlango wa kizazi, ultrasaundi ya nyonga, kipimo cha damu cha CA-125, au kuandikiwa rufaa ya kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna kinachoweza kushika nafasi ya kingine. Ulinganisho huu unahusu zaidi vipimo vya saratani ya ovari, yaani saratani ya vifuko vya mayai, kwa sababu hapo ndipo akina mama wengi hulipa fedha nyingi wakapata jibu dogo, na wachache wenye haki ya kupimwa haraka hucheleweshwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue anaongozwa wapi. Mwanamke asiye na dalili yoyote, na ambaye katika ukoo wake hakuna historia ya saratani ya ovari au ya matiti, hana sababu ya kununua CA-125 kila mwaka, hata akiambiwa ni sehemu ya kucheki afya. Mwanamke ambaye tumbo limemjaa kwa wiki kadhaa bila kupungua anahitaji ultrasaundi bila kungoja, na damu ifuate pale picha itakapoihitaji. Mwanamke mwenye dada, mama au shangazi waliougua ana safari nyingine kabisa, nayo nitaieleza mbele.

Damu inasema nini

CA-125 ni protini inayopatikana katika damu ya kila mwanamke kwa kiasi kidogo. Mwaka 1981 daktari Mmarekani Robert Bast na wenzake walitengeneza kingamwili inayoitambua, na tangu hapo kiwango cha yuniti 35 kwa mililita moja ya damu ndicho kilichozoeleka kuwa mpaka wa kawaida. Kati ya wanawake kumi ambao tayari wana saratani ya ovari, takriban wanane huvuka mpaka huo. Ukitazama saratani ambazo bado ziko hatua ya kwanza, zile hasa ambazo uchunguzi wa mapema unazitafuta, uwiano huo hushuka hadi karibu nusu. Maana yake ni kwamba mwanamke mwenye saratani changa anaweza kupewa jibu la "kawaida", akarudi nyumbani ameridhika, akapuuza dalili zitakazofuata. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko kutopima.

Upande wa pili wa kasoro ni kwamba protini hii hupandishwa na mambo mengi yasiyo saratani: siku za hedhi, miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, faibroidi (uvimbe usio wa saratani katika mfuko wa uzazi), endometriosisi (ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake), maambukizi ya nyonga ambayo wengi huyaita PID, ini lililonyauka, moyo ulioshindwa kusukuma damu, na karibu hali yoyote inayojaza maji tumboni. CA-125 hupiga hodi tu. Haisemi ni nani aliye mlangoni.

Katika orodha hiyo kuna ugonjwa mmoja unaostahili kusimamiwa kidogo, nao ni TB ya tumbo. Mwanamke mwenye TB ya utando wa tumbo hupungua uzito, hukosa hamu ya kula, tumbo hujaa maji, na CA-125 yake inaweza kufika mamia. Ukiiweka karatasi yake kando ya karatasi ya mwanamke mwenye saratani ya ovari iliyosambaa, huenda usione tofauti yoyote. Mmoja anahitaji dawa za TB kwa miezi sita au zaidi na hupona. Mwingine anahitaji upasuaji mkubwa na dawa za kemikali. Katika nchi kama yetu ambako TB bado ni ugonjwa wa kila siku, daktari anayeona tumbo la maji na CA-125 ya juu hulazimika kuchunguza maji yenyewe na kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, kabla ya kutamka neno saratani, na mgonjwa au ndugu zake wana haki ya kuuliza kama hilo limefanyika.

Kwa hiyo, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, na hasa mwenye faibroidi, ambazo kwa wanawake wa Kiafrika ni jambo la kawaida sana, CA-125 ya 50 au 80 peke yake haina uzito mkubwa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, namba hiyohiyo huanza kuwa na maana, kwa kuwa sababu nyingi za bure zimeshapungua.

Kwa nini kumpima kila mtu hakusaidii

Hesabu ndogo inaonyesha tatizo liko wapi. Katika nchi za Magharibi, ambako takwimu zimehifadhiwa kwa muda mrefu, inakadiriwa kuwa kati ya wanawake 2,500 waliokoma hedhi, takriban mmoja ndiye mwenye saratani ya ovari katika mwaka husika. Tuseme tuna kipimo kizuri kiasi kwamba humkosea mwanamke mmoja tu mzima kati ya mia. Tukiwapima hao 2,500 wote, tutapata wanawake 25 wazima walioambiwa damu yao ina shida, na mgonjwa mmoja, kama naye hakukosewa. Wote 26 watatoka na karatasi inayofanana, na kila mmoja atalala akiamini kwamba yeye ndiye. CA-125 haifikii hata ubora huo wa kufikirika.

Jambo hili halikuachwa katika hesabu za mezani. Nchini Marekani, wanawake 78,216 wenye umri wa miaka 55 hadi 74 waliandikishwa kuanzia mwaka 1993, nusu yao wakapimwa kila mwaka kwa CA-125 na ultrasaundi ya ukeni, nusu nyingine wakaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha vifo 118 vya saratani ya ovari katika kundi lililopimwa na vifo 100 katika kundi ambalo halikupimwa, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana lakini kwa hakika haikuwa faida. Wanawake 3,285 walipewa jibu la kutia shaka kumbe hawakuwa na saratani. 1,080 kati yao walifanyiwa upasuaji, na takriban asilimia 15 ya hao waliofanyiwa upasuaji walipata angalau dhara moja kubwa. Hao ni wanawake wazima waliopasuliwa kwa sababu ya kipimo walichokwenda kupima wakiwa hawaumwi kitu.

Waingereza walijaribu kwa akili zaidi. Kati ya mwaka 2001 na 2005 waliandikisha zaidi ya wanawake 202,000 waliokoma hedhi, wenye miaka 50 hadi 74, wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipimwa CA-125 kila mwaka, lakini badala ya kutumia mpaka mmoja wa 35 kwa kila mtu, kompyuta ililinganisha damu ya kila mwanamke na damu yake mwenyewe ya miaka iliyotangulia, ikitafuta mwelekeo wa kupanda. Aliyeonekana na shaka ndiye aliyepelekwa ultrasaundi. Kundi la pili lilipimwa ultrasaundi kila mwaka. Kundi la tatu halikupimwa. Upimaji uliendelea hadi mwaka 2011, na wanawake hao wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka zaidi ya 16.

Matokeo ya mwisho, yaliyotangazwa mwaka 2021, yanafaa kusomwa taratibu. Katika kundi la damu, saratani zilizogunduliwa zikiwa hatua ya kwanza ziliongezeka kwa asilimia 47, na zile za hatua ya nne zilipungua kwa karibu asilimia 25. Hapo mtu angesema ushindi umepatikana. Lakini waliokufa kwa saratani ya ovari walikuwa asilimia 0.6 katika makundi yote matatu: waliopimwa damu, waliopimwa ultrasaundi, na ambao hawakupimwa kabisa. Ugonjwa uligunduliwa mapema kidogo, ila vifo havikupungua.

Sababu moja inayotolewa na watafiti ni tabia ya saratani yenyewe. Aina iliyo kali na inayoua zaidi mara nyingi haianzii katika ovari, huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, ikiwa chembe ndogo sana ambazo hudondoka na kusambaa katika utando wa tumbo kabla hazijafanya uvimbe wa kuonekana wala hazijamwaga protini ya kutosha katika damu. Saratani zilizokamatwa mapema zaidi katika utafiti ule hazikuwa lazima zile ambazo zingemwua mgonjwa. Ndiyo maana jopo la kitaifa la Marekani linalotoa mapendekezo kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilisisitiza tena mwaka 2018 kwamba wanawake wasio na dalili na wasio na hatari ya kurithi wasichunguzwe saratani ya ovari, na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilikwisha kutoa onyo mwaka 2016 dhidi ya vipimo vinavyouzwa kwa madai hayo.

Vipimo vingine vya damu

HE4 ni protini nyingine, na faida yake juu ya CA-125 ni kwamba haipandishwi sana na endometriosisi, kwa hiyo kwa mwanamke ambaye bado yuko katika umri wa kuzaa inaweza kupunguza hofu za bure. Kasoro yake ni kwamba hupanda figo zikiwa na matatizo, na pia kadiri umri unavyosogea. ROMA si damu tofauti. Ni hesabu inayounganisha CA-125, HE4 na hali ya hedhi ya mgonjwa. OVA1, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2009, hupima protini tano kwa pamoja. Viwili hivi vya mwisho viliruhusiwa kwa kazi moja tu: kumsaidia daktari ambaye tayari ameona uvimbe kuamua kama mgonjwa apasuliwe na daktari bingwa wa saratani au na daktari wa kawaida wa magonjwa ya wanawake. Havikuruhusiwa kutafuta saratani kwa mtu asiyeumwa. Anayekushauri uvipime kwa lengo hilo anakuuzia kitu nje ya kazi yake.

Kuna pia vipimo vipya vinavyotafuta vipande vya DNA ya saratani nyingi katika mrija mmoja wa damu. Uingereza iliandikisha watu wapatao 140,000 kukijaribu kimoja kati yake. Kwa msomaji wa Tanga leo, hicho si chaguo la kupanga bajeti.

Kwa wasichana na wanawake walio chini ya miaka 40 wenye uvimbe wa kutia shaka, daktari anaweza kuongeza vipimo vingine vya damu, AFP na hCG, kwa kuwa saratani za ovari za umri huo mara nyingi ni za aina nyingine ambazo CA-125 huzipita. Binti wa miaka 17 mwenye uvimbe unaokua haraka tumboni akipimwa CA-125 pekee, amepimwa nusu.

Ultrasaundi

Tofauti kubwa kati ya damu na ultrasaundi ni kwamba damu hutoa namba, ultrasaundi humwonyesha mpimaji kitu chenyewe: uvimbe ni wa maji matupu au una nyama ndani, una chumba kimoja au vingi, uko upande mmoja au pande zote mbili, na kama kuna maji tumboni. Maelezo hayo, yakiwa mikononi mwa mpimaji mzoefu, hutenganisha uvimbe salama na wa hatari vizuri kuliko CA-125 inavyofanya peke yake. Udhaifu wake uko hapohapo penye nguvu zake, kwa sababu ubora wa jibu hutegemea mkono na jicho la aliyeshika kifaa. Ripoti inayosema "uvimbe katika ovari ya kushoto" na kuishia hapo haijamsaidia mtu. Ripoti yenye manufaa hutaja ukubwa kwa sentimita, yaliyomo ndani, kuta zake, upande wa pili ukoje, na kama kuna maji.

Ultrasaundi hufanywa kwa njia mbili. Ya juu ya tumbo huhitaji unywe maji mpaka kibofu kijae. Ya ukeni huhitaji kibofu kitupu na huona ovari kwa karibu zaidi. Hapa pwani haya ni nyingi, na wapo akina mama wanaokataa ya ukeni kwa kuwa mpimaji ni mwanaume. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami naongeza kwamba hakuna ubaya wowote kuuliza mapokezi kama yupo mpimaji wa kike, au kuomba muuguzi wa kike awemo chumbani. Kwa binti ambaye hajawahi kukutana na mwanaume, ya juu ya tumbo hutosha kuanzia.

Onyo moja kwa wanawake wa umri wa kuzaa: ovari hutengeneza vifuko vya maji kila mwezi. Kifuko cha maji matupu kisichozidi sentimita 5 kwa mwanamke anayepata hedhi kwa kawaida huondoka chenyewe, na wataalamu hawaoni haja ya kukipasua wala kukipimia CA-125. Wapo waliopoteza ovari nzima kwa ajili ya kifuko ambacho mizunguko miwili ya hedhi ingekimaliza.

Vyote viwili pamoja

Nguvu ya damu huonekana inapowekwa kando ya picha. Tangu mwaka 1990 madaktari wana hesabu rahisi, ambayo hata hospitali isiyo na mashine za gharama inaweza kuitumia. Huzidisha vitu vitatu: alama za ultrasaundi, hali ya hedhi, na CA-125. Ultrasaundi ikikosa dalili mbaya alama ni 0, ikiwa na dalili moja ni 1, ikiwa na mbili au zaidi ni 3. Dalili mbaya zinazohesabiwa ni tano: vyumba vingi, sehemu zenye nyama, uvimbe pande zote mbili, maji tumboni, na kuonekana kusambaa. Mwanamke anayepata hedhi huhesabiwa 1, aliyekoma huhesabiwa 3.

Chukua wanawake wawili wa kufikirika, wote wana CA-125 ya 70. Wa kwanza ni wa Makorora, ana miaka 34, alitolewa damu akiwa katikati ya hedhi, na ultrasaundi imeonyesha uvimbe mmoja wenye vyumba vingi bila kingine chochote. Hesabu yake ni 1 mara 1 mara 70, jibu ni 70. Wa pili ni wa Pangani, ana miaka 61, na ultrasaundi imeonyesha uvimbe pande zote mbili, wenye nyama ndani, na maji kidogo. Hesabu yake ni 3 mara 3 mara 70, jibu ni 630. Mpaka unaotumika sana ni 200, na wengine hutumia 250. Wa kwanza anaweza kurudiwa kupimwa na kufuatiliwa hapa mkoani. Wa pili anapaswa kufika mikononi mwa daktari bingwa wa upasuaji wa saratani, wala asipasuliwe haraka na yeyote aliye karibu, kwa sababu upasuaji wa kwanza wa saratani ya ovari ukifanywa nusunusu huwa vigumu kurekebisha. Namba ya damu ni ileile, na kilichowatofautisha wawili hawa hakimo ndani ya mrija wa damu.

Hesabu hii nayo hukosea. Saratani changa yenye CA-125 ya chini inaweza kupita bila kushtukiwa, na TB ya tumbo inaweza kupata alama za juu kabisa. Hata hivyo, kama ningelazimika kuchagua njia moja kwa mwanamke wa Tanga mwenye dalili, ningechagua hii kabla ya kipimo chochote cha damu chenye jina jipya.

Nani ana dalili za kutosha

Saratani ya ovari iliitwa kwa muda mrefu ugonjwa wa kimya, na jina hilo limewapotosha wengi. Dalili zipo, ila zinafanana na za vidonda vya tumbo, gesi na UTI: tumbo kujaa au kuvimba, kushiba baada ya matonge machache, maumivu ya nyonga au tumbo la chini, na kukojoa mara kwa mara au kwa haraka. Kinachozitenga na gesi ya kawaida ni kuwa mpya kwa mwanamke huyo, na kujirudia karibu kila siku nyingine. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 unasema mwanamke, hasa aliyefikia miaka 50 na kuendelea, akipata dalili hizi zaidi ya mara 12 kwa mwezi apimwe CA-125, na ikifika 35 au zaidi afanyiwe ultrasaundi. Mwongozo huo unataja pia jambo ambalo ningependa kila zahanati ya Muheza na Handeni ilijue: mwanamke wa umri huo anayeanza ghafla kuwa na dalili kama za tumbo kusokota na kuharisha au kufunga choo, ambazo hakuwa nazo ujanani, asipewe dawa za tumbo tu na kuambiwa aende.

Kwa mazingira yetu ningegeuza mpangilio wa Waingereza. Ultrasaundi inapatikana katika maeneo mengi zaidi kuliko CA-125, jibu lake hutoka siku hiyohiyo, na likionyesha mimba, faibroidi, maji au ini lenye shida, safari nzima ya matibabu inabadilika papo hapo. Damu ifuate pale picha itakapoonyesha uvimbe, au pale dalili zitakapoendelea ilhali picha haieleweki.

Wenye ukoo wenye ugonjwa

Hapa damu inarudi kwa sura nyingine. Kipimo cha jeni za BRCA1 na BRCA2 hufanywa kwa damu au mate, mara moja tu katika maisha, na hakitafuti saratani iliyopo. Kinaonyesha hatari aliyorithi mtu. Mwanamke wa kawaida ana uwezekano wa asilimia moja na kidogo wa kupata saratani ya ovari maishani. Mwenye kasoro ya BRCA1 uwezekano wake hufika kati ya asilimia 39 na 58, na wa BRCA2 kati ya asilimia 13 na 29, kulingana na makadirio yanayotumika Marekani. Kasoro hizi hurithiwa hata kwa baba, kwa hiyo shangazi aliyekufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka 38 ana uzito uleule kama mama mdogo.

Kipimo hiki hakimo katika orodha ya kawaida ya maabara za mkoa, na njia sahihi ni kuanza na ndugu ambaye tayari anaugua, siyo na dada mzima. Ikithibitika kasoro ipo, hatua yenye ushahidi ni kuondoa mirija na ovari baada ya kumaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na kati ya 40 na 45 kwa BRCA2. CA-125 ya kila baada ya miezi minne imejaribiwa kwa wanawake waliotaka kuahirisha upasuaji, lakini haijathibitika kuokoa maisha na haiwezi kuwa mbadala wa upasuaji. Kwa ambaye bado anataka watoto, vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza hatari ya saratani ya ovari, na kadiri vinavyotumiwa kwa miaka mingi ndivyo kinga inavyoongezeka, ingawa mwenye kasoro ya BRCA azungumze kwanza na daktari kwa sababu ya hatari ya saratani ya matiti.

Ukiwa na fedha ya kipimo kimoja tu

Mwanamke mwenye afya njema, asiye na dalili, mwenye fedha na asubuhi moja ya kutumia kwa uchunguzi, akaangaliwe mlango wa kizazi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, hukua polepole kwa miaka mingi, na mabadiliko yake ya awali huonekana kwa siki iliyopakwa na kutibiwa kabla hayajawa saratani. Uchunguzi huo hufanyika katika vituo vingi vya serikali, na mabinti zetu wana chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Hakuna CA-125 inayogundua mabadiliko hayo, na hakuna siki inayogundua saratani ya ovari. Mama aliyepima kimoja asidhani amepima kingine.

Kwa ambaye daktari ameshamwandikia CA-125, mambo machache hupunguza usumbufu. Atolewe damu nje ya siku za hedhi, na aandike tarehe ya hedhi yake ya mwisho kwenye fomu. Aulize kama damu inapimwa hapohapo au inatumwa Dar es Salaam, na jibu litatoka lini. Ikibidi kurudia, arudie maabara ileile, kwa kuwa mashine za kampuni tofauti hutoa namba zinazoachana, na mtu anaweza kudhani ugonjwa umepanda kumbe amebadilisha mashine.

Na kwa aliyepewa rufaa, iwe kutoka Hospitali ya Bombo kwenda Muhimbili au Ocean Road, au kutoka wilaya za kaskazini kwenda KCMC Moshi, mkoba wake uwe na ripoti ya ultrasaundi pamoja na picha zenyewe, karatasi ya damu inayoonyesha namba, kipimo cha yuniti na jina la maabara, majibu ya TB na ya VVU kama yapo, na orodha ya dawa anazotumia. Kama alikwisha kupasuliwa, abebe maelezo ya upasuaji na jibu la kinyama, kwa sababu bila jibu hilo daktari wa Dar es Salaam atalazimika kusubiri au kuanza upya, huku mgonjwa akihesabu siku kwa jamaa aliyempokea.